Suruali ya Tembo Mbele ya Mama Mkwe

Mtu akikuaga kwamba anakwenda Bangkok na mama mkwe wake, usimwulize wanafuata nini. Mwombee dua kwanza, maswali baadaye.

Mama mkwe wangu anauza nguo Kariakoo, Mtaa wa Kongo, na mzigo wake anaufuata Pratunam, mtaa wa Bangkok ambao ukiupita asubuhi unaweza kudhani uko Mchikichini: Kiswahili huku, Kiingereza cha Kinaijeria kule, mtu anaburuta belo huku anapiga kelele apishwe njia. Kawaida yake husafiri na shoga yake. Mwaka 2019 shoga akashikwa na goti, nikateuliwa mimi. Kazi zangu zilikuwa mbili, kubeba na kutafsiri Kiingereza. Kwenye kubeba nina mwili. Kwenye Kiingereza nina kidato cha nne.

Siku tano tukajumua hadi macho yakawa yanaona dazeni badala ya watu. Usiku wa mwisho tukapeleka mzigo kwa watu wa kago. Mzani ukasema kilo 98 na ushee. Jamaa wa kago akaandika 100.

"Mbona kaandika mia?" mama akauliza.

Nikamtafsiria kwamba wao wanahesabu kwa makumi.

"Kwa hiyo kilo moja na nusu nimelipia upepo?"

Tukarudi hotelini mbio. Akafungua begi langu, akachomoa jinzi zangu mbili na suruali ya kitambaa niliyokuja nayo, akazipeleka mwenyewe na kuzisokomeza katikati ya magauni ya shifoni. Mzani ukagonga mia. Akapumua. Nafasi iliyobaki kwenye begi langu akaijaza blauzi.

"Sasa mimi nitarudi na nini, mama?"

"Si una pensi? Kwani pale Doha nani anakujua?"

Nikabaki na pensi moja, fulana mbili na boksa. Boksa hakuzigusa, maana nilikuwa nimeziviringisha kwenye taulo tangu siku ya kwanza, tena taulo lenyewe nikalilalia. Nilikuwa na sababu zangu.

Ndege yetu ilikuwa kesho yake usiku wa manane. Tukawa na siku nzima mkononi, na mama mkwe hana kipaji cha kukaa bure. Mapokezi pale hotelini walikuwa na karatasi ya matangazo: ziara ya mahekalu ya kale ya Kibudha, asubuhi hadi jioni, na mwongozaji, na usafiri, na chakula cha mchana. Mama alitazama picha, akauliza kama chakula kimo ndani ya bei hiyo hiyo. Nikamwambia kimo.

"Twende. Tunakwenda kutazama, hatuendi kusali."

*

Saa mbili asubuhi tukachukuliwa na gari dogo aina ya kipanya, lina kiyoyozi cha kugandisha samaki. Ndani kulikuwa na Wajerumani wawili wazee, mtu na mkewe, na vijana wanne wa Kihindi waliokuwa wanajipiga picha kabla hata gari halijaondoka. Mwongozaji alikuwa dada mwembamba, kipaza sauti kidogo kiunoni, na mkononi ameshika kijibendera cha kijani chenye pindo la njano ili tusimpoteze kwenye umati.

Mama mkwe alikitazama kile kibendera kwa muda mrefu.

"Rangi zote alizoumba Mungu," akasema, "huyu binti kaziona hizo mbili tu?"

Hapa lazima nieleze. Mama mkwe ni Simba. Sisemi anashabikia Simba, nasema ni Simba, kama vile mtu alivyo Mzaramo. Na kijani na njano ni rangi za Yanga, watani wa jadi, ambao watu wa Simba huwaita vyura. Sebuleni kwake mapazia mekundu, makochi mekundu, na siku ya mechi hata chai inamiminwa kwenye kikombe chekundu. Nilipopeleka posa, wazee waliuliza ukoo, wakauliza kazi, wakauliza dini. Halafu yeye mwenyewe, akiwa nyuma ya pazia, akauliza: "Timu?" Nikajibu Simba. Nilijibu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Njiani akanunua maji ya chupa, akavaa miwani kusoma tarehe ya kuharibika, maana yeye ni mfanyabiashara. Akanigusa bega.

"Baba, maji haya yanaharibika mwaka 2563. Wametia dawa gani humu?"

Nikauliza. Dada mwongozaji akacheka, akasema Wathai wanahesabu miaka kwa kalenda ya Kibudha, iko mbele ya ile yetu kwa miaka 543. Kwao huo 2019 ulikuwa 2562. Mama akapiga hesabu ya umri wake kwa kalenda ile, akanywa maji kimyakimya.

Hekalu la kwanza lilikuwa Wat Traimit, kwenye mtaa wa Wachina. Tukashuka. Mama kavaa baibui na mtandio, hana doa. Wajerumani wamevaa suruali ndefu za kitani. Mwongozaji akanitazama kuanzia kichwani, alipofika magotini akasimama. Akatikisa kichwa kwa upole wote.

Mahekaluni huko mabega na magoti hufunikwa. Nilikuwa nimesahau, au tuseme sikuwa na namna, magoti yangu rasmi yalikuwa njiani kuelekea Dar es Salaam kwa kago.

Hapo kando ya barabara alikuwepo muuzaji wa suruali za tembo. Ukifika Bangkok utaziona, ziko kila kona: kitambaa chepesi cha rayoni, tembo wamepanga foleni kutoka kiunoni hadi kwenye kifundo cha mguu, mpira juu, mpira chini. Lebo inasema frii saizi. Mimi nina kilo 104. Neno "frii" niliwahi kuliamini siku nyingine pia, kwenye vifurushi vya simu.

Jamaa akaandika 200 kwenye kikokotoo. Nikatoa pochi. Mama mkwe akanisukuma pembeni kwa kiwiko, akachukua kile kikokotoo, akaandika 50. Hawakusemezana neno. Waliandikiana tu kama watu wanaojibizana kwa barua, huyu 180, huyu 55, huyu anashika kifua, huyu anaondoka hatua tatu. Ikaishia 80. Kabla ya kulipa akaigeuza suruali ndani nje, akashika mshono wa katikati kwa vidole gumba viwili, akauvuta.

"Mshono mmoja. Tena wa cheni. Baba, hii ukipiga chafya inafunguka."

"Mama, ni ya siku moja tu."

"Hata gauni la harusi ni la siku moja."

Nikaivaa juu ya pensi? Ningekuwa na akili ningeivaa juu ya pensi. Lakini pensi ile ilikuwa na mifuko sita, suruali haikupita. Nikaenda chooni nikavua pensi, nikavaa tembo peke yao. Yaani tembo, halafu boksa, halafu mimi.

*

Ndani ya Wat Traimit kuna sanamu ya Budha ya dhahabu. Sikusema imepakwa dhahabu. Ni dhahabu yenyewe, urefu kiasi cha mita 3, uzito tani 5 na nusu. Mama aliposikia tani akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Kilichomgusa zaidi ni historia yake. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua kuwa ile ni dhahabu. Ilikuwa imefunikwa plasta mwili mzima, na inaaminika waliifunika ili majeshi ya Burma yasiichukue, yale yaliyouteketeza mji wa Ayutthaya mwaka 1767. Waliojua siri wakafa nayo. Sanamu ikaja kukaa miaka kama 20 chini ya banda la bati hapo hapo hekaluni, watu wakiipita. Mwaka 1955 ikawa inahamishwa kwenda kwenye jengo jipya, kamba zikakatika, ikaanguka, plasta ikabanduka. Watu wakachungulia kwenye ufa, wakaona inang'aa.

"Muulize," mama akasema, "hao waliokuwa wanaibeba, uzito haukuwashtua?"

Nikauliza. Mwongozaji akacheka mpaka kipaza sauti kikalia.

Mama akatoa simu, akaanza kuzidisha gramu milioni 5 na nusu kwa bei ya sonara wa mtaani kwetu. Simu ikashindwa, ikaandika herufi. Akairudisha mkobani akiitazama ile sanamu kwa heshima mpya. "Kuficha ndiko huko," akasema. "Mimi hela za upatu naweka kwenye kopo la tambi na mwizi kaja mara mbili hajaona." Akanitazama. "Lakini kitu kikifichwa, baba, iko siku kamba inakatika."

Nikavuta fulana chini.

Kasri la Kifalme na hekalu lake, Wat Phra Kaew, sitalisimulia sana. Joto lilikuwa la kuchemsha yai, na watu wengi kama feri ya Kigamboni saa kumi na moja. Mji wenyewe wa Bangkok, na kasri hilo, vilianza mwaka 1782, mfalme Rama wa Kwanza alipohamishia makao yake upande huu wa mto. Humo ndimo ilimo sanamu ya kijani wanayoitukuza kuliko zote, nayo ni ndogo, sentimita 66 tu, iko juu kabisa. Picha hairuhusiwi. Mwongozaji akaeleza kwamba sanamu hiyo hubadilishwa vazi mara tatu kwa mwaka: kiangazi, masika na majira ya baridi, na anayeibadilisha ni mfalme mwenyewe. Mama mkwe akashika kidevu. Nikajua anafikiria stoku.

Chakula cha mchana kikaletwa, na mwisho wake wakatuwekea embe na wali. Mama akauonja ule wali, akatazama jikoni. "Wali umenata kama bokoboko. Wametia tui la nazi. Wametia sukari. Halafu wameulaza na embe." Akatikisa kichwa. "Kwetu mwali akipika hivi anarudishwa." Akamaliza sahani yake. Akachukua na ya Mjerumani, ambaye alikuwa anaogopa nazi. Mimi nilikula sahani tatu, na hilo nalitaja kwa sababu za kitaalamu, maana ni baada ya hapo ndipo mpira wa kiuno ulipoanza kuniongelesha.

*

Wat Pho. Nikwambie ukweli, nimeona vitu, ila pale nilinyamaza.

Unavua viatu, unavibeba kwenye mfuko, jambo ambalo mama alilisifu sana kwa sababu Idd moja aliwahi kupoteza sapatu mpya msikitini akarudi na yeboyebo za mtu. Unaingia kwenye jengo refu. Kwanza huelewi unachokiona, ni ukuta wa dhahabu tu kati ya nguzo na nguzo. Halafu unainua macho, unaona sikio. Ni Budha amelala ubavu, urefu mita 46, kwenda juu mita 15, na unatembea pembeni yake kama mdudu anayetembea kando ya kitanda cha mtu. Ukifika miguuni unakuta nyayo zimesimama zinakuzidi kimo, zimenakshiwa kwa lulumizi, alama 108, na vidole vyote urefu sawa. Mama akasogea karibu na uzi, akatazama ile nakshi kama anavyotazama darizi.

"Huyu fundi," akasema taratibu, "hakuwa na haraka."

Nyuma ya sanamu kuna vibakuli vya shaba 108 vimepangwa ukutani kwa mstari. Unatoa baht 20, unapewa kikombe cha visarafu vidogo, unapita ukidondosha kimoja kimoja. Sauti yake nzuri ajabu, tin, tin, tin, kama mvua ya kwanza kwenye bati. Mama alikataa kudondosha, akasema yeye mtazamaji. Mimi nikachukua kikombe, nikasema huu ni mchango wa ukarabati tu.

Tin. Tin. Kwenye kibakuli cha thelathini hivi sarafu ikaponyoka, ikabiringika sakafuni. Nikachuchumaa kuiokota.

Tik.

"Baba, umesikia?"

"Ni sarafu, mama."

Nikaendelea. Tin, tin, tin. Ikaanguka nyingine. Nikachuchumaa kwa tahadhari, ubavu ubavu.

Tik, tik.

"Hizo sarafu zako zina sauti mbili," mama akasema.

Nilivimaliza vibakuli vyote nikiwa nimenyooka kama mlingoti wa bendera. Mwongozaji akatupeleka kwenye jengo lingine tukaketi kidogo sakafuni, na akatuonya tusinyooshe nyayo kuielekea sanamu, kwao ni utovu wa adabu, tukunje miguu nyuma. Wote wakakunja. Mimi nikabaki mlangoni nimeegemea nguzo, nikamwambia nina mgongo.

*

Kutoka Wat Pho unatembea kidogo hadi gati ya Tha Tien, unavuka mto Chao Phraya kwa kivuko, ng'ambo ni Wat Arun. Mnara wake unaonekana kutoka mbali, ukidhani umechongwa. Ukikaribia ndipo unaona kuwa umevishwa vipande vya sahani. Maelfu ya vipande vya vyombo vya Kichina, na kome, vimepangwa maua, ua hadi ua, hadi juu.

Mama mkwe alisimama hapo muda mrefu kuliko pote. "Kama makaburi ya Kunduchi," akasema. Na kweli. Nyumbani kwao ni Kunduchi, na kule magofuni kuna makaburi ya kale yenye nguzo zilizopachikwa bakuli za Kichina. Utotoni walikuwa wanakatazwa kuchezea karibu nazo. Akanieleza hayo nikamtafsiria mwongozaji, mwongozaji akamtafsiria mlinzi, na mlinzi akafurahi sana. Hiyo ndiyo dakika nzuri kuliko zote za safari ile, na ningeomba muda usimame hapo.

Basi mwongozaji akasema anayetaka anaweza kupanda ngazi hadi ulingo wa juu, ila ni kali, ashike chuma. Kali hasa. Ni ngazi ya kupandia darini iliyojengwa kwa mawe.

"Tupande," mama akasema.

Sasa fikiri na mimi. Busara ilitaka mama apande mbele na mimi nyuma, akiteleza nimdake. Lakini adabu! Mkwe utapandaje ngazi ya namna ile nyuma ya mama mkwe wako, uso wako uko wapi? Haiwezekani. Nikasema, "Mama, ngoja nitangulie nijaribu njia." Naye akaridhika, maana mkwe anajua adabu. Nikatangulia. Yeye akafuata, ngazi mbili chini yangu.

Na kwa mpangilio huo wa heshima, uso wake ukawa pale ulipokuwa.

Vidato vile ni virefu. Cha kwanza nikapanda. Cha pili nikapanda. Cha tano nikainua goti la kulia mpaka likanigusa tumbo, tumbo lenye sahani tatu za wali wa nazi, na ndipo nikaisikia. Mtu yeyote wa Kariakoo anaijua sauti ile. Ni ile ya muuza vitambaa anapopima yadi mbili, akakata kidogo kwa mkasi, halafu akachana kwa mikono.

Kharaaaaaa.

Kuanzia chini ya zipu, ambayo haikuwepo, hadi kwenye mpira wa kiuno. Tembo waligawanyika makundi mawili, hawa wakaenda Selous, hawa Ruaha. Upepo wa mto ukaingia.

Nikaganda, mikono yote kwenye chuma. Nyuma yangu kimya. Sasa nitasema nilichokuwa nakificha kwenye taulo. Boksa zangu ni za kijani. Zina ufito wa njano. Zinauzwa na machinga pale pale Kariakoo, mbele zimeandikwa DAIMA MBELE, na nyuma, kwa herufi za njano ambazo hata mtu bila miwani anazisoma, zimeandikwa lile fungu la pili ambalo kila Mtanzania analijua.

Mama mkwe alikuwa amevaa miwani.

"NYU-MA," nikasikia anasoma, taratibu, kama mtoto wa darasa la kwanza. "MWI-KO."

Mto unapita. Boti inapiga honi. Chini huko mtoto wa mtu analia.

"Baba."

"Naam, mama."

"Hii ni nini?"

"Zilikuwa bei nafuu, mama."

"Miaka minane," akasema. "Miaka minane unakula kwangu. Siku tuliyofungwa ukaenda chooni dakika ishirini, nikakupikia uji nikidhani unaumwa tumbo."

Sikuwa na la kujibu. Siku ile chooni nilikuwa nimeuma taulo ili kelele zisitoke.

"Kumbe," akasema, na sasa alikuwa anauambia mto, hakuwa ananiambia mimi, "kumbe nimemwozesha mwanangu kwa chura."

Nikasikia mkoba unafunguliwa. Mama mkwe, kama wanawake wote wa kwetu, hatoki bila khanga mkobani: ya kujifunika, ya kubebea, ya dharura. Akainyoosha kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika chuma na uso ameugeuzia Kunduchi. Nikaipokea bila kugeuka. Nikajifunga khanga ya mama mkwe wangu kiunoni, juu ya hekalu, mchana kweupe. Wazee wetu wana adhabu ya jambo hilo, sema hawakuwahi kuhitaji kuipa jina.

Kushuka ilikuwa kinyumenyume. Chini ya ngazi ilikuwa imesimama familia moja ya Kiarabu, baba na kofia yake ya Kiomani, vijana, na bibi mmoja mtu mzima. Nilipofika kidato cha mwisho yule bibi akainama, akasoma mgongoni mwangu kwa sauti, Kiswahili cha Unguja kisicho na chumvi hata punje:

"Siri ya mtungi aijuaye kata! Wallahi! Mwanangu, na mtungi wenyewe naona umepasuka!"

Wakaangua kicheko familia nzima. Ni watu wa Muscat, bibi kazaliwa Unguja. Mama mkwe akashuka nyuma yangu. Nilidhani ataona haya. Alimkumbatia yule bibi kama dada aliyepotea, na kabla sijatafuta pa kujificha alikuwa ameshamsimulia kila kitu, kuanzia posa hadi chooni, kwa vitendo.

Wajerumani wakataka kujua kinachochekesha. Nikasema ni maneno ya kwenye kitambaa. Yanasemaje? Nikakusanya Kiingereza changu chote cha kidato cha nne nikawaeleza kuhusu mtungi, na maji, na kata, na kwamba ni kata peke yake inayojua kilichomo. Yule mzee akatikisa kichwa kwa unyenyekevu, akatoa daftari, akaandika. Mpaka leo naamini kule kwao anawasimulia watu kwamba ni mafundisho ya Budha.

Mwongozaji akaniletea pini moja. Pini moja! Ni kama kumpa mtu kijiko azibe bwawa la Mtera. Akasema, "Mai pen rai," maneno yao ya kusema haina neno, yaishe. Akanyanyua kile kibendera chake cha kijani na njano, tukamfuata. Mama mkwe akakitazama, akanitazama, akamwambia yule bibi wa Muscat, "Unaona? Wanajuana."

*

Njia nzima ya kurudi hakunisemesha. Kwenye kivuko kimya, kwenye gari kimya. Tulipofika Pratunam, jioni inaingia, nikadhani anakwenda kulala. Akanyoosha mkono.

"Lete."

"Nini, mama?"

"Suruali."

Nikabadilisha, nikamletea zile tembo ndani ya mfuko. Akatoka nazo. Nikamfuata kwa mbali, nikiwa na pensi yangu. Akaingia kwa mwanamke mmoja anayejumulisha, akaitandika ile suruali kwenye meza kama maiti ya ushahidi, akaonyesha ulipopasukia. Halafu akachukua kikokotoo. Akaonyesha mshono, akanyanyua vidole viwili. Mshono mara mbili. Akanyoosha mikono upana wa mtu mnene, akanionyesha mimi pale mlangoni. Yule mwanamke akanitazama, akaelewa, akaandika bei.

Dazeni 15.

Zilifika baada ya wiki tatu pamoja na jinzi zangu. Zilikwisha zote, akaagiza nyingine. Khanga niliifua mwenyewe, mke wangu akiwa hayupo, nikaipiga pasi, nikamrudishia mama. Hakuipokea. "Kaa nayo," akasema, "utaihitaji."

Jumamosi huwa namsaidia dukani. Mteja akisita, akaanza kuvuta mshono kwa vidole gumba, mama hasemi maneno mengi. Ananinyooshea kidole nilipokaa juu ya belo.

"Hii haipasuki, dada yangu. Muulize huyo chura hapo."

Na mteja ananiuliza.